Mtafiti Kijana wa Butembo na Beni: Uhakiki wa Maandishi kuhusu Lugha, Jina na Marejesho ya Utafiti

1.0 Utangulizi

Habari za utafiti katika mashariki ya Kongo zimeandikwa kwa muda mrefu na watu waliokuja, wakauliza, kisha wakaondoka. Mwaka 2020 Presses universitaires de Louvain ilichapisha kitabu kilichojaribu kuugeuza mwelekeo huo. Kitabu hicho, kijulikanacho kwa kifupi kama Bukavu Series, kilitayarishwa na wahariri kutoka Kongo na Ubelgiji, miongoni mwao Koen Vlassenroot, Emery Mudinga na Godefroid Muzalia. Kilikusanya maandishi mafupi ya watafiti wa Kongo ambao kwa kawaida huitwa "wasaidizi": wasomi, wengi wao vijana, wanaokodiwa kutafuta watu wa kuhojiwa, kufasiri, kuandika majibu na kuyapeleka kwa wenye mradi.

Makala haya yanakusudia kuyasoma maandishi hayo kutoka Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini. Sababu za kuichagua miji hiyo ni mbili. Kwanza, ni michache iliyoulizwa maswali mengi kama hiyo tangu mwaka 2014. Pili, Butembo ina chuo kikuu chake, na kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya juu wa hapo huuonja utafiti kwa pande zote mbili: anaufanya kwa ajili ya tasnifu yake, na anakodiwa kuufanya kwa ajili ya wengine. Hoja kuu ni kwamba Bukavu Series imefaulu kuonyesha dhuluma iliyopo kati ya mtafiti wa nje na mtafiti wa ndani, lakini imeigusa kwa mbali tu dhuluma ya pili, iliyopo kati ya watafiti hao wote na mtu aliyewajibu. Dhuluma hiyo ya pili hukaa hasa katika lugha. Ili kuionyesha, makala yatachunguza mambo matatu: lugha ya maswali, jina la mtafiti, na marejesho ya matokeo.

2.0 Mahali na Watu Wake

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wengi wa wakazi wake ni Wanande, ambao pia hujiita Wayira, na lugha yao ni Kinande, ndugu wa karibu wa Lukonzo ya ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Rwenzori upande wa Uganda. Beni, kaskazini yake kwa umbali wa kilomita 50 na kitu, imechanganya watu wa asili nyingi zaidi. Katika miji yote miwili Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya barabara na ya wageni kukutana. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya chuo. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati Emmanuel Kataliko alipokuwa askofu wa jimbo la Butembo-Beni. Hali ya wakati huo haina budi kukumbukwa. Serikali ya Mobutu ilikuwa imechoka, barabara zilikuwa zimekufa, na watu wa mji walikuwa wamezoea kujifanyia wenyewe yale ambayo serikali haikuyafanya. Hali hiyo ndiyo iliyoifanya Butembo ipendwe na wanazuoni wa nje. Kitabu cha Timothy Raeymaekers kilichotoka mwaka 2014, kwa mfano, kiliuchukua mji huo na biashara yake ya mpakani kuwa kielelezo cha namna mamlaka yanavyoundwa pembezoni mwa dola. Ni kazi yenye uzito. Hata hivyo iliandikwa kwa Kiingereza, na muuza vitenge ambaye maisha yake yamo ndani yake hawezi kuisoma wala kuipinga. Mwanafunzi wa Butembo anayetaka kujua yaliyosemwa juu ya soko la mama yake hana budi kwanza kujifunza lugha ya tatu au ya nne.

3.0 Yanayosemwa na Bukavu Series

Maandishi ya Bukavu Series yana shabaha moja iliyo wazi: kumtoa mtafiti wa ndani gizani. Yanaeleza malipo yanayochelewa, mikataba isiyoandikwa, mipango inayotungwa mbali na watu wasiojua njia wala hatari yake. Yanaeleza jinsi jina la aliyepita msituni linavyotoweka kitabu kinapotoka, au linavyobaki katika mstari mmoja wa shukrani. Yanaeleza pia jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti havilitaji mara kwa mara, yaani mzigo wa moyo: mtu husikiliza kwa miezi mingi habari za mauaji na ubakaji, naye hana wa kumsimulia. Vibonzo vya Tembo Kash vimeongeza ukali wa ujumbe huo, kwani kibonzo humwezesha msomaji kucheka kabla hajatambua kwamba anachekwa yeye.

Nguvu ya maandishi hayo ni ushuhuda. Mahali penye takwimu na nadharia pamewekwa mtu mwenye njaa, hofu na haya. Lakini ushuhuda una mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwa namna mbili.

Kwanza, mtafiti wa ndani hueleza sana alivyotendewa, na hueleza kidogo alichokijua. Anasikitika kwamba alifanywa daraja. Hata hivyo hachukui nafasi ya kutosha kuonyesha kwamba kazi ya daraja hilo, yaani kulipeleka swali kutoka lugha moja hadi nyingine na kulirudisha jibu, ni kazi ya fikra. Akidai malipo bora ya kufasiri bila kudai kwamba kufasiri ni kuchambua, anaikubali nusu ya hukumu aliyohukumiwa.

Pili, aliyejibu maswali anabaki palepale. Yumo katika maandishi kama mtu anayesubiri msaada, anayelalamika kwamba amehojiwa mara nyingi, au anayemtilia mtafiti shaka. Maneno yake yamekwisha kugeuzwa Kifaransa au Kiingereza kabla hayajafika kwetu. Kitabu kinachodai sauti za walionyamazishwa zisikike kimetoka kwa lugha hizo mbili, na hakuna hata moja kati yake ambayo swali la awali liliulizwa kwayo kijijini.

4.0 Lugha ya Maswali

Uzito wa jambo hili unaonekana mara tu mtu anapotaka kuieleza kazi yenyewe. Kiswahili cha vyuoni kina neno "utafiti". Kina pia "uchunguzi", neno linalotumiwa na daktari na polisi vilevile, na "upelelezi", ambalo ni kazi ya polisi na jasusi. Katika maongezi ya Kivu husikika zaidi "ankete", kutoka Kifaransa, nalo huunganisha hojaji ya mwanafunzi na upelelezi wa mahakama bila kuvitenganisha. Mgeni anayefika mtaani na daftari, akauliza jina, umri, idadi ya watu wa nyumba na nani analala wapi, anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Mwenyeji anayemtilia shaka hafanyi hivyo kwa ujinga, kwani lugha yenyewe imemwonya.

Mfano mwingine unatokana na utafiti uliofanywa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya Ebola kutangazwa. Watu wazima 961 walihojiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Infectious Diseases na Patrick Vinck pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa msomi wa Goma. Asilimia 31.9 tu ya waliohojiwa walikuwa na imani kwamba viongozi wa mahali pao walitetea maslahi yao. Asilimia 25.5 waliona kwamba Ebola haikuwa ya kweli. Waandishi walionyesha kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na kwamba yanahusiana na kukataa chanjo na tiba.

Ni kazi muhimu, na iliandikwa wakati ilipohitajiwa. Lakini msomaji wa Kiswahili anaona jambo ambalo msomaji wa Kiingereza halioni. Kwa Kiingereza, kama kwa Kifaransa, kusadiki kwamba kitu kipo na kumtegemea mtu kwamba hatakudanganya ni maneno mawili yaliyo mbali. Kwa Kiswahili, kitenzi kimoja, "kuamini", kinayabeba yote mawili. "Unaamini kwamba Ebola ipo?" na "Unawaamini viongozi?" ni maswali yanayosikika kama ndugu. Anayejibu "Siamini" anaweza kukana ugonjwa, na anaweza pia kumkana aliyeleta habari zake. Mwenye kusema "hiyo Ebola yao siiamini" hakutoa hoja juu ya virusi. Ametoa hukumu juu ya neno "yao".

Haidaiwi hapa kwamba hesabu za utafiti ule ni batili. Watu waliikataa chanjo kwa vitendo, si kwa sarufi tu. Kinachodaiwa ni kwamba kati ya swali la mwenye mradi na asilimia iliyochapishwa alisimama mtu aliyeamua, pengine mlangoni pa nyumba, kama aseme "kuamini", "kusadiki", "kutumaini" au "kuwa na imani na". Uamuzi huo ni sehemu ya matokeo. Mwanafunzi wa Butembo anaujua, kwa sababu ameufanya mara nyingi. Hata hivyo anapoandika tasnifu yake mwenyewe, kwa Kifaransa, naye aghalabu huuficha: maswali yanawekwa kama kwamba yaliulizwa kwa Kifaransa, na majibu kama kwamba yalitolewa hivyo. Hapa mwanafunzi na mtafiti wa nje wanafanana kuliko Bukavu Series inavyokubali.

5.0 Jina

Dai kubwa la Bukavu Series ni kwamba mtafiti wa ndani atajwe. Ni dai la haki. Lakini likisomwa kutoka Beni linapata ugumu ambao hauonekani ukiwa Louvain, au hata Bukavu.

Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imekumbwa na mauaji ya raia yaliyorudiwa mwaka baada ya mwaka. Swali la nani anaua, na kwa msaada wa nani, ndilo lililokuwa swali la utafiti lenye uzito kuliko yote. Kundi la Utafiti juu ya Kongo la Chuo Kikuu cha New York lilitoa ripoti yake ya kwanza juu ya mauaji hayo Machi 2016, na nyingine Septemba 2017. Ripoti hizo ziliwahusisha watu wa pande mbalimbali, wakiwemo askari wa serikali. Katika hali hiyo kuficha majina ya mashahidi si dharau, ni kuwalinda wasiuawe. Mtafiti wa mahali naye, ambaye nyumba yake inajulikana na watoto wake wanasoma shule ijulikanayo, yumo katika hatari hiyohiyo.

Ebola iliongeza jambo la pili. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Tukio hilo lilitokea ndani ya nyumba ya elimu yenyewe. Aliyekuwa akikusanya habari za ugonjwa, awe mgeni au mwenyeji, alionekana na baadhi ya watu kuwa mshiriki wa ile iliyoitwa biashara ya Ebola. Tangu Mei 2021, serikali ilipoliweka jimbo chini ya utawala wa kijeshi, kuuliza maswali kuhusu jeshi kumezidi kuwa jambo la tahadhari.

Basi mtafiti kijana wa Beni anakabiliwa na mambo mawili yanayopingana. Bila jina hapati cheo, ufadhili wala nafasi ya kuendelea na masomo. Akitajwa, anaweza kukosa mahali pa kulala. Mtafiti wa nje hana mgongano huo, kwani jina lake hulisainia mbali, baada ya ndege kuondoka Mavivi au Rughenda. Bukavu Series imeitaja hatari hii, lakini haikuitenganisha vya kutosha na dhuluma ya kutotajwa. Kunyimwa jina na kulificha jina ni mambo mawili tofauti, ingawa ukurasa wa kitabu huyaonyesha kwa namna moja. Tofauti iko katika mwenye kuamua. Anayenyang'anywa jina ameibiwa. Anayeliweka akiba, kwa maandishi yanayomhakikishia haki ya kulidai baadaye, ameliweka salama. Utaratibu wa namna hiyo haugharimu fedha nyingi. Unahitaji mkataba unaoandikwa kabla ya safari, na chuo cha mahali kinachoutunza.

6.0 Marejesho

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii inafaa kuupima utafiti, kwa sababu inauliza jambo moja tu: mwenyeji alipata nini?

Kuna mfano mmoja wa miji hii ambao unaweza kuijibu methali bila haya. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne za Ebola zililinganishwa katika jaribio lililoitwa PALM. Wagonjwa 681 walishiriki. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimedhihirika kuwa bora: waliozipewa walikufa karibu theluthi moja, ambapo kwa dawa nyingine mbili walikufa karibu nusu au zaidi kidogo. Tangu hapo wagonjwa wa vituo hivyo walipewa zile mbili tu. Mojawapo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Makala ya matokeo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2019, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi lilikuwa la Mkongo, Sabue Mulangu, kutoka taasisi iliyoongozwa na Jean-Jacques Muyembe. Hapa jina lilikuwepo na marejesho yalikuwepo: swali liliulizwa kwa mgonjwa, na jibu lilimrudia mgonjwa wa kitanda cha pili.

Itasemwa kwamba sayansi ya jamii haina dawa ya kurudisha. Ni kweli. Lakini ina maelezo, na maelezo hurudishwa kwa kusemwa. Tasnifu ya Butembo juu ya migogoro ya ardhi, mikopo ya wanawake sokoni au sababu za kukataa chanjo hubaki katika maktaba, kwa Kifaransa, mbele ya wasomaji wachache waliolazimika kuisoma. Waliojibu maswali hawajui kama yalifika popote. Halafu mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anabisha hodi mlango uleule na kuuliza yaleyale. Uchovu wa kuhojiwa, ambao watafiti huueleza kama tatizo la wahojiwa, kwa sehemu kubwa ni tatizo la jibu lisilorudi.

7.0 Kiswahili Kipi?

Hoja hii ina kipingamizi ambacho hakifai kupuuzwa. Je, Kiswahili ndicho lugha ya watu wa Butembo? Kwa bibi wa kijijini lugha ni Kinande. Fauka ya hayo, uchunguzi wa Translators without Borders wakati wa Ebola ulionyesha kwamba habari zilizotolewa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha vitabuni hazikuwaelea vizuri watu wengi wa Kivu ya Kaskazini, ambao walitaka lugha wanayoisema. Muhtasari wa tasnifu kwa Kiswahili sanifu unaweza basi kuwa Kifaransa kingine chenye viambishi.

Kipingamizi hiki ni cha kweli, lakini kinaelekeza mbele. Kiswahili cha Kongo kimekwisha kubeba elimu bila kungoja ruhusa ya chuo. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji huo iliyokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili cha Shaba. Johannes Fabian alipoichapisha tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wasomi waliona kwamba watu waliodhaniwa kuwa chanzo cha habari walikuwa wamekwisha kuwa waandishi wa historia. Kivu nayo imeanza kuelezwa: Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walichapisha mwaka 2016 matini na maelezo ya sarufi ya Kiswahili cha huko. Lugha ipo, na maelezo yake yapo. Kinachokosekana ni tasnifu inayokitumia.

Hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo. Kila tasnifu iliyotokana na mahojiano iambatishe maswali kama yalivyoulizwa, kwa Kiswahili cha mahali au kwa Kinande, pamoja na sababu za kuchagua neno hili na kuliacha lile. Majibu machache muhimu yaachwe katika lugha yake, tafsiri ikiwa pembeni. Muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya waliohojiwa, au katika redio za mahali kama Radio Moto, ambazo zimezoea kusema na wasikilizaji wake kwa lugha zao. Usomaji huo una faida nyingine ya kielimu: aliyesema ataweza kusema, "Sivyo nilivyosema." Hakuna jopo la watahini linaloweza kulisahihisha kosa hilo kwa niaba yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Bukavu Series ni kazi iliyohitajika, na kwamba dai lake halijafika mwisho wake. Mtafiti kijana ameonyeshwa kuwa mtu aliyedhulumiwa, na kweli amedhulumiwa. Lakini yeye pia anashika kalamu. Neno analolichagua mlangoni pa watu, "kuamini" au "kusadiki", laweza kuigeuza nyumba nzima kuwa asilimia ya wakanaji katika jarida lisilosomwa Butembo. Akiliandika neno hilo na kulitetea, anakuwa mwandishi hata pale ambapo jina lake, kwa hiari yake, limewekwa akiba. Akilificha, anabaki msaidizi hata katika tasnifu yenye jina lake jaladani.

Kazi ya idara za Kiswahili katika Afrika ya Mashariki haiko mbali na jambo hili. Kwa miaka mingi zimekitazama Kiswahili cha Kongo kama lahaja ya kuelezwa. Wakati umefika kukitazama pia kama lugha ambayo maswali huulizwa kwayo na kujibiwa, na kumpokea mwanafunzi wa Butembo na Beni kama mwenzi anayejua jambo wasilolijua wengine: jinsi swali linavyobadilika linapovuka kizingiti.